Ionjeshe Maji Kwanza: Karatasi za Dekupaji

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mama zangu mlioketi mbele, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, mikeka ipo. Nimeombwa nizungumze juu ya dekupaji, kazi ya kupamba vitu kwa karatasi za kubandika, na nimekubali kwa furaha, maana ni kazi niipendayo, na kuna jambo moja ambalo karibu kila anayeanza hulikosea. Kazi ikiharibika, mtu hulaumu gundi. Asipolaumu gundi hulaumu mkono wake. Mimi nasema kosa mara nyingi lilifanyika zamani, kule dukani, alipochukua karatasi kwa kutazama maua yake tu bila kuishika.

Basi leo sitaongea sana habari ya makasi wala brashi. Nitaongea karatasi.

Pokeeni sinia hili, lipitisheni. Kila mmoja afumbe macho apitishe kidole kutoka ukingoni mpaka katikati, penye ua jekundu. Kidole kimekwama popote? Hakikukwama. Hapo pana karatasi iliyobandikwa, lakini kidole hakijui inaanzia wapi. Hiyo ndiyo dekupaji. Kukata picha na kuibandika hata mtoto wa chekechea aweza. Hii ni kuibandika mpaka izame, aitazamaye adhani fundi amechora palepale juu ya mbao. Jina limetoka kwenye neno la Kifaransa, découper, yaani kukata, ingawa kukata ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi yenyewe.

Mafundi wa Venice, katika karne ya 18, walikuwa na taabu ambayo wazee wetu wangeielewa. Matajiri wa mji walitaka makabati na meza za laka kutoka China na Japani, zile nyeusi za kung'aa zenye ndege na maua ya dhahabu, na bei yake haishikiki. Mafundi wakachukua picha zilizochapwa, wakazitia rangi, wakazikata, wakazibandika kwenye mbao, kisha wakazipaka vanishi tabaka juu ya tabaka, hata 30 au 40, mpaka ukingo wa karatasi ukapotea. Waliiita lacca povera, laka ya maskini. Kila nikiifikiria habari hiyo hukumbuka zile sahani za Kichina walizozipachika wazee wetu kwenye kuta za nyumba na nguzo za makaburi huku pwani. Tamaa ni ileile: kitu kizuri kimevuka bahari, na mtu anataka kukiona kwake kila asubuhi.

Na kwa mama aliyeniambia pale nje kwamba amechelewa kuanza, nina zawadi yake. Mary Delany alikuwa Mwingereza, amezaliwa mwaka 1700, amefiwa na mume mara mbili. Alipokuwa na umri wa miaka 72 aliona kipande cha karatasi nyekundu kinafanana kabisa na rangi ya ua lililokuwa karibu naye. Akashika makasi akalikata ua lile, petali moja moja. Aliendelea kwa miaka kumi hivi, mpaka macho yakakataa, na akaacha maua karibu 1,000 ambayo leo yamehifadhiwa British Museum, London. Kazi yake haikuwa ya masinia na makasha, ilikuwa karatasi juu ya karatasi nyeusi, na ua moja laweza kuwa na mamia ya vipande. Lakini bibi huyu aliijua karatasi kama mchuuzi wa soko la Marikiti anavyoijua embe, kwa kuigusa.

Tuje mikononi mwetu sasa. Hii ni sevieti, leso ya mezani ya karatasi, mwazijua kutoka harusini. Ipapase pembeni kwa ukucha. Ni matabaka matatu, mara nyingine mawili, na picha imechapwa kwenye la juu peke yake. Yale meupe lazima yatoke yote. Ukibandika sevieti nzima, gundi itashika tabaka la chini, la juu litabaki halina mwenyewe, na kesho yake litainuka kama ngozi ya maziwa. Kuyatenganisha, bandika selotepu kidogo kwenye kona, upande wa nyuma, uvute polepole. Kinachobaki mkononi ni chepesi hata pumzi hukipeperusha. Hicho ndicho tunachokitaka.

Lakini wepesi huo una deni lake. Sevieti ikilowa gundi, weupe wake hutoweka na rangi ya chini hujitokeza. Waridi lililokuwa zuri mezani, ukilibandika juu ya mbao tupu, litageuka kahawia kama chai ya mkandaa. Kwa hivyo mbao ipigwe msasa, ipakwe rangi nyeupe mara mbili, ikauke, ndipo sevieti iingie. Na kuikata, usitumie makasi. Chukua brashi ndogo yenye maji, zungusha nje ya ua, kisha vuta. Itachanika kwenye njia ya maji, na ukingo uliochanika una nyuzinyuzi laini ambazo huzama kwenye rangi. Ukingo wa makasi husimama kama ukuta, na kidole hukwama hapo.

Mikunjo ndiyo inayowatoa watu machozi. Mimi hufanya hivi: napaka gundi nyeupe ya maseremala kwenye mbao, naiacha ikauke kabisa. Halafu nalaza sevieti kavu juu yake, nafunika kwa karatasi ya kuokea keki, napitisha pasi ya moto wa wastani, bila mvuke. Gundi hulainika kwa joto na kuikamata sevieti hivyo ilivyolala. Hakuna maji, basi hakuna kukunjamana.

Karatasi ya shashi mwaijua toka utotoni. Aliyekulia Mji wa Kale hapa Mombasa amepata kurusha tiara, na tiara ilikuwa shashi, chelewa za makuti na uji mzito wa unga wa ngano. Ni nyepesi kama sevieti, na ina nguvu kidogo zaidi. Ila rangi zake hukimbia. Tiara haikuhitaji kukaa majini, kwa hivyo hatukujua. Ipake gundi shashi nyekundu uone vidole vyako vitakavyokuwa. Kuna wanaolitumia jambo hilo makusudi, wakapata rangi zinazoingiana kama machweo kule Likoni, na ni kazi nzuri. Asiyejua ndiye anayeumia.

Kisha kuna karatasi wanayoiita ya mchele. Mchele haumo. Aina nyingi hutengenezwa kwa nyuzi ndefu za magome ya miti jamii ya mforsadi, na Wajapani wana utaalamu wa karne nyingi katika karatasi za namna hiyo. Imulike dirishani, utaziona nyuzi zimelala kama nywele. Kwa sababu ya nyuzi hizo hailegei majini, waweza kuilowesha, kuinua, kuiweka tena, nayo ikakuvumilia. Kwetu hapa bei yake ni kubwa kwa kuwa inaagizwa. Mwenye uwezo anunue moja ajifunze nayo, maana itamfundisha karatasi njema inavyokuwa.

Sasa lile la sayba, duka la kuchapisha, na hapa nisikilizeni vizuri. Leso zetu za kuvaa, yaani kanga, ni hazina. Pindo la ukingoni, mji wa katikati na jina, yale maandishi yake, kila kimoja kinaweza kuwa pambo la sinia au kasha. Leso yenyewe ni kubwa, kama sentimita 150 kwa 110, kwa hivyo unaipiga picha, unaipunguza, unaichapisha. Nilifanya hivyo mara ya kwanza kwa ajili ya harusi ya mtoto wa dada yangu, masinia sita, leso nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nilichapisha, nikakata usiku kucha, nikapaka gundi alfajiri. Nilipopitisha brashi, wekundu ukatoka kwenye pindo ukaingia katika mji, na jina likawa ukungu. Masinia sita yote. Dada yangu hakusema neno, alinishika bega tu.

Printa ile ilikuwa ya wino wa maji. Wino wa maji hurudi majini, ndiyo asili yake. Mashine ya fotokopi na printa ya leza hutumia wino wa unga unaoyeyushwa kwa joto ukashikamana na karatasi, na huo hautoki kwa maji. Basi ukifika dukani uliza kwanza: mashine yenu ni ya wino wa maji au ya unga? Na kama ni ya maji na huna njia nyingine, ipulizie vanishi ya kopo kidogo kidogo mara mbili tatu, ikauke, kabla haijaona gundi.

Karatasi ya printa ni gramu 80 kwa mita mraba, mara nne au zaidi ya uzito wa shashi. Nzito hivyo huvimba ikilowa, na ndipo mapovu hutokea. Dawa yake ni kuilowesha kabla. Iache majini dakika mbili tatu, itanuke kadiri inavyotaka, ikaushe juujuu kwa kitambaa, ndipo uibandike. Itakapokauka itajivuta, itanyooka kama ngozi ya ngoma.

Gazeti sitakawia nalo. Limetengenezwa kwa mbao iliyosagwa, na jua hulifanya liwe la manjano kisha kahawia. Tena likilowa, maandishi ya nyuma hutokea mbele. Mkitaka ukurasa wa gazeti, utoeni fotokopi.

Karatasi ya kaki naipenda sana. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kaki imejaa majumbani mwetu. Ifinyange mkononi, ikunjue, ifinyange tena, mpaka ilegee kama kitambaa. Irarue vipande vya kiganja, ubandike vikipandana, upake vanishi. Utapata kitu kama ngozi kuukuu, na kasha la mbao za bei ndogo litakuwa na sura ya kitu cha urithi. Mfuko wa saruji pia unafaa, karatasi ya ndani, lakini ukung'uteni nje na mfunike pua.

Jambo moja la adabu. Karatasi zenye aya au jina la Mwenyezi Mungu, hata kama ni kadi ya mwaliko iliyopitwa na wakati, msizitie makasi. Herufi za Kiarabu zinapendeza, najua, na wageni huziulizia. Lakini sinia huwekwa vikombe, na kasha hukaa sakafuni. Tuna nakshi za milango yetu, mawaridi na minyororo, zisizo na maandishi. Zinatosha na kubaki.

Na vanishi nayo, kwa ufupi, kwa sababu ya hewa yetu. Mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imeshika, unyevu unaingia mpaka kabatini. Gundi inayoonekana imekauka huwa bado. Ukiifunika kwa vanishi, maji hukwama ndani na kazi hupata ukungu mweupe usiofutika. Kipindi hicho ngojeni siku mbili pale mlipozoea kungoja moja, na gusa kwa nyuma ya mkono: ikiwa baridi, bado ina maji. Na kwa picha nyeupe chagueni vanishi ya maji, ile ya mafuta huwa ya manjano kadiri miaka inavyopita.

Sasa mazoezi. Kila karatasi mtakayoipata maishani mwenu, kabla haijagusa gundi, kata ukanda wa vidole viwili uutie majini, uhesabu mpaka 60. Tazama maji yamebadilika rangi au la. Inua ukanda, uone kama unabeba uzito wake. Kisha chukua kipande kingine, kilowanishe upande mmoja tu, kiweke kiganjani. Kitajikunja kama mkeka, na urefu wa mkeka huo ndiyo njia ya nyuzi. Karatasi hutanuka kuvuka nyuzi, hivyo ukiibandika, sukuma mikunjo kuelekea upande huo wa kuvuka nyuzi, kutoka katikati kwenda nje.

Pale mezani kuna mabakuli manane ya maji na kikapu cha vipande, sevieti, shashi, kaki, fotokopi na karatasi moja ya mchele niliyoigawa vipande vidogo ili kila mtu apate. Mama wa mbele waanze, vijana wawasaidie kubeba viti.