Kirusi cha Borna: Kutoka Zizi la Farasi hadi Ubongo wa Binadamu

Ndugu wasikilizaji, kichaa cha mbwa mnakifahamu, kwa hiyo leo nitaeleza kirusi kingine cha wanyama, kilichopewa jina la mji wa Borna, karibu na Leipzig nchini Ujerumani, ambako mwaka 1885 farasi wengi wa kikosi cha jeshi walikufa. Farasi aliyeugua husimama nyasi kavu zikimning'inia mdomoni, kama aliyesahau kutafuna, na wengine hukandamiza kichwa ukutani.

Mwaka 1985 watafiti walitangaza kwamba wameona kingamwili za kirusi hicho, yaani alama kwamba mwili ulishapambana nacho, katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa akili, na kwa miaka mingi sonona na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, zikahusishwa nacho. Matumaini yale nayaelewa, kwa maana anayemuuguza mtu wa namna hiyo nyumbani hutamani mno kuambiwa chanzo kinachoshikika. Hata hivyo, ilibainika kwamba baadhi ya vinasaba vya kirusi vilivyodaiwa kutoka kwa wagonjwa vilikuwa uchafu wa maabara, na mwaka 2012 utafiti uliolinganisha wagonjwa 198 na watu wenye afya 198, bila wapimaji kujua sampuli ni ya nani, haukupata uhusiano wowote.

Wakati huohuo, kati ya 2011 na 2013, wafugaji watatu wa kindi wa Amerika ya Kati katika jimbo la Saxony-Anhalt walikufa kwa kuvimba ubongo, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba walikuwa na kirusi ndugu wa kile cha Borna. Mwaka 2018 cha Borna chenyewe kikathibitishwa kwa wagonjwa, wakiwamo watu waliopandikizwa viungo vya mtu mmoja aliyefariki. Safari hii ushahidi ulitoka kwenye ubongo wenyewe, na hapo ndipo ninapouamini: kirusi hiki hukaa ndani ya kiini cha seli za neva bila kuziua, na madhara makubwa huletwa na chembe za kinga zinapokuja kukishambulia.

Anayekihifadhi ni kirukanjia mdogo wa Ulaya, mnyama anayefanana na panya, mwenye mgongo wa kijivu na tumbo jeupe, ambaye yeye mwenyewe haugui ila hukitoa kwa mate na mkojo. Wagonjwa ni wachache kila mwaka, lakini wengi wao hufa, na tangu 2020 sheria ya Ujerumani inataka kila mmoja aripotiwe.