Wifi, Siko Seli na Kulwa na Doto

ZAWADI: Karibuni. Jumanne nilishinda kliniki na wifi yangu.

MASELE: Yule wa Sengerema?

ZAWADI: Huyo huyo. Kavuka daraja alfajiri, mimba ya wiki 12. Mnakumbuka mwanawe wa kwanza ana siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Muuguzi kamtoa damu: "Tunapima vyote, mama." Vyote vipi? Hakuelezwa. Tukitoka ananiuliza, "Wifi, wakinipa majibu, nitayafanyia nini?" Nikakosa la kumjibu. Limenikaa moyoni wiki nzima.

MASELE: Na mama mkwe?

ZAWADI: Yeye anataka altrasaundi imwambie jambo moja tu: ni Kulwa na Doto?

MASELE: Aaah! Mapacha! Mnajua mimi nilizaliwa nyuma ya mapacha, Magu wote wananiita Shija. Mama aliwashona gauni kitambaa kimoja hadi darasa la saba...

ZAWADI: Kaka, tuna mambo matatu ya kuwaachia wasikilizaji.

MASELE: Naja. Altrasaundi mapacha itawaona. Siko seli je?

ZAWADI: Haioni. Kujua kabla hajazaliwa ni sindano: kuchukua chembe za kondo la nyuma, wiki ya 11 hadi 14, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Na sindano ina hatari ndogo ya kuharibu mimba. Sasa mama mkwe anasema, "Wa kwanza kaichukua ile robo, watatu wanaofuata wazima."

MASELE: Si ndivyo? Mmoja kwa wanne.

ZAWADI: Hapana! Baba na mama wote wakibeba kinasaba, kila mimba inaanza upya: robo anaugua, nusu anabeba tu, robo hana kabisa. Mimba ya tano, robo ile ile.

MASELE: Na wakiwa Kulwa na Doto?

ZAWADI: Wa yai moja, majibu yao mamoja. Wa mayai mawili, kila mmoja na bahati yake.

MASELE: Basi Kulwa anaweza kuugua, Doto akabaki mzima, kitanda kimoja, gauni moja! Dada, hilo sikuwahi kuliwaza. Dada zangu hawafanani hata vidole...

ZAWADI: Shija! Rudi.

MASELE: Nimerudi. Ila mimi nasema wifi aachwe. Mtoto akizaliwa apimwe damu, akionekana anayo aanze penisilini mapema, imkinge na maambukizi. Sindano tumboni ya nini, kama mimba ataibeba vyovyote?

ZAWADI: Nani kakwambia ataibeba vyovyote? Wewe au yeye? Na hata akiibeba, yupo anayetaka kujua mapema ili ajipange.

MASELE: Ukimwekea vyote mezani, mama mwenye hofu atakubali kila kitu. Nimeyaona kwa mke wangu.

ZAWADI: Ukimfichia, umeshamwamulia. Aulizwe kwanza anataka kujua nini, na kipi hataki.

MASELE: Atajuaje anachotaka kabla hajaelezwa? Sikubali.

ZAWADI: Nami sikubali.

MASELE: Fundi mitambo ananyoosha vidole viwili.

ZAWADI: Dakika mbili! Na yale matatu?

MASELE: Sema moja.

ZAWADI: Kabla ya kutoa damu, mama uliza: "Hiki kinapima nini?" Hayo mengine... Alhamisi anarudi kliniki, nitakuwa naye.

MASELE: Wakiwa Kulwa na Doto, unipigie.

ZAWADI: Mama mkwe kwanza.