Kipandauso, kikombe cha Samunge na daftari langu
(Mazungumzo na akina mama wa kikoba, Majengo, Moshi)

Shikamooni mama zangu, na nyie wadogo zangu habari za jioni. Asanteni sana kunipa hii nafasi kabla hamjaanza kununua hisa. Mwenyekiti kaniambia niongelee dawa mbadala za kichwa kwa sababu humu ndani mko wengi mnasumbuka na kila mtu ana dawa yake aliyoelekezwa na jirani, basi na mimi nitaongea kama mtu aliyesumbuka toka kidato cha pili na kama muuza dawa, maana wengi mnanijua nina duka la dawa muhimu kule upande wa sokoni Mbuyuni.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja asubuhi nimetoka tu kufungua. Kajifunga kanga kichwani, kaikaza mpaka ngozi ya paji la uso imejikunja, jicho la kushoto linatoa machozi na mkono kauweka hivi kukinga mwanga wa mlangoni. Akasema nipe Panadol Extra nne. Nikamuuliza, dada yangu mwezi huu umeshazimeza siku ngapi? Akaniangalia kama nimemuuliza kitu cha ajabu akasema "sijawahi kuhesabu mama, kikiuma nameza". Nikamwelewa kabisa kwa sababu na mimi nilikuwa hivyohivyo miaka zaidi ya kumi na tano, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza hilo swali, sio hospitali, sio kwa mganga, sio kanisani nilikoombewa. Nimekuja kwa sababu ya hilo swali.

Tuelewane kwanza. Kipandauso sio kichwa cha kawaida cha jua au cha mawazo. Mara nyingi kinakaa upande mmoja, kinagonga kwa kufuata mapigo ya moyo, ukiinama kufagia kinazidi, ukipanda ngazi kinazidi, tumbo linachafuka unatapika, mwanga unakuumiza na sauti za watoto zinakuumiza. Usipotibu kinaweza kukukalia kuanzia masaa 4 mpaka siku 3 nzima. Wengine kabla hakijaanza wanaona vimulimuli au mistari ya zigizaga kwenye macho, au mkono unakufa ganzi. Sisi wanawake tunakipata karibu mara 3 ya wanaume, na wengi kinakuja na hedhi. Na msije mkadhani ni ugonjwa wa wazungu, hapahapa kaskazini kuna watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba kule Mbulu, maeneo ya hospitali ya Haydom, wakahoji watu zaidi ya 7,000 wakakikuta kijijini kwa watu wanaolima. Ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu, kuna neva kubwa inayoleta hisia za uso na kichwa, ikichokozwa inamwaga kemikali zinazovimbisha mishipa ya damu kwenye utando wa ubongo, na mara nyingi unarithi. Mama yangu alikuwa nacho. Bibi alikuwa nacho. Kwa hiyo yule anayekwambia umerogwa au unakwepa kazi mwambie hapana, nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mimi niliambiwa navikwepa vipindi vya hesabu.

Haya, dawa mbadala. Mimi nimepita karibu zote.

Ya kwanza chale. Bibi alinichanja hapa na hapa, alama mnaziona, akapaka unga mweusi. Sikupona ila bibi alinipenda na alifanya alichojua. Leo nakataza chale kwa sababu moja tu, wembe. Wembe uliopita kwa mwingine unaleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na homa ya ini B inaambukiza kirahisi kuliko hata hivyo virusi vingine. Halafu ugoro wa kunusa, huo ulinitapisha. Halafu kuumikwa, wenyewe sasa wanaita hijama, nilifanya mara 4, nikitoka najisikia mwepesi siku mbili tatu basi. Kujifukiza na majani ya mkaratusi kunafungua pua, kama kichwa chako kinatokana na mafua kitakusaidia, kipandauso hapana, na mimi ile harufu kali ndo ilikuwa inakiamsha kabisa.

Sasa Samunge, kile kijiji cha kule Loliondo. Najua humu kuna watu walienda, inueni tu mikono hakuna aibu. Ilikuwa 2011, nchi nzima inaongelea kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, Mungu amrehemu alifariki 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, dawa ya mti wa mugariga. Tulipanda Noah tukiwa tumebanana tukapitia Mto wa Mbu, Engaruka, tukapita ziwa Natron, vumbi mpaka kwenye meno. Foleni ya magari haina mwisho, tulilala njiani siku 4. Mimi kabla sijaondoka nilikuwa nimejiapiza mwenyewe kwamba safari hii ni ya imani, sibebi kidonge hata kimoja na nikishakunywa sitameza tena. Jamani kile kichwa cha kwenye foleni sijawahi kukiona kabla wala baada. Siku ya pili na ya tatu nililala chini ya gari nimejifunika kitenge usoni, natapika nyongo, mama mmoja wa Babati ambaye hata jina lake sikulijua alikuwa ananipa maji kwa kifuniko cha chupa, kidogokidogo, kama anamnyonyesha mtoto. Siku ya nne nikanywa kikombe. Nikarudi Moshi, wiki ikapita, ya pili ikapita, mwezi ukaisha nimeumwa kichwa mara 2 tu!! Mimi ambaye nilikuwa naumwa karibu kila siku. Nilitoa ushuhuda kanisani nikalia na watu wakalia.

Miezi mitatu baadae nikaumwa kimoja kizito siku ya mazishi ya shangazi, nikasema ngoja leo tu nimeze mbili. Wiki iliyofuata nikameza tena. Mpaka Krismasi nilikuwa nimerudi kulekule kwa zamani, kila siku, na juu ya maumivu nikaongezewa na hukumu, maana watu walisema imani yangu ilipungua na mimi niliamini hivyo. Miaka kama sita niliamini hivyo.

Kilichonifumbua macho ni daftari. Daktari mmoja kijana, nilienda kwake kwa mambo mengine kabisa, akaniona nimekunja sura akaniambia mama kanunue daftari dogo, kila siku usiku andika vitu vitatu, kichwa kiliuma au hakikuuma, ulimeza nini, na kama uko kwenye siku zako. Basi. Baada ya mwezi nikamrudishia. Akachukua kalamu nyekundu akazungushia kila siku niliyomeza dawa, akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mimi nimekaa pale kwenye benchi nasikiliza, akaishia 23. Siku 23 za vidonge kwenye mwezi mmoja, na mimi ukiniuliza ningekwambia labda mara 8.

Akanieleza kitu ambacho mimi na cheti changu cha kuuza dawa sikukijua. Mtu mwenye kipandauso akimeza dawa za maumivu mara kwa mara zile dawa zenyewe zinageuka kuwa chanzo cha kichwa. Dawa moja tu kama paracetamol, ibuprofen au aspirini, mpaka unaomkamata mtu ni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya 3. Zile zilizochanganywa, kama Panadol Extra ambayo ndani ina paracetamol na kafeini, mpaka ni siku 10 tu. Sio vidonge 10 jamani, siku 10. Na ukiacha, kichwa kinakasirika kwanza, siku kadhaa mpaka kama wiki mbili kinauma kuliko mwanzo, ndipo kinaanza kushuka.

Mmeona? Ile foleni. Nilipomsikia nilinyamaza kabisa kwa sababu akili yangu ilirudi chini ya lile gari. Siku 4 bila kidonge, kichwa kikapanda kama moto, halafu nikanywa kikombe wakati tayari kinakaribia kushuka, halafu nikakaa miezi mitatu bila dawa ya maumivu kwa sababu ya kiapo. Simsemi Babu vibaya, nilikuta watu wenye upendo kule na mimi ni muumini mpaka leo. Nasema kwamba nilipata nafuu ya kweli na nikaipa jina lisilo lake, ndo maana nilishindwa kuitunza. Ningejua ni vidonge, ile siku ya mazishi nisingerudi. (Ila wale walioacha ARV au dawa za sukari na presha wakaenda, hilo ni jambo jingine kabisa, wapo waliopoteza maisha. Kuacha Panadol ni salama, kuacha dawa ya presha sio salama.)

Kwa hiyo mtu akiniuliza nijaribu tangawizi, nijaribu sindano za Kichina, mimi simkatazi. Namwambia jaribu kimoja kwa wakati, kipe miezi 3, na uwe na daftari, kwa sababu kipandauso kina tabia ya kupanda na kushuka chenyewe na sisi tunakimbilia dawa mpya siku kimefika juu kabisa, sasa hata ukinywa maji ya mvua wiki ijayo kitashuka na utayasifu maji ya mvua.

Tangawizi nimeisema makusudi. Kule Iran 2014 walichukua wagonjwa 100, nusu wakapewa unga wa tangawizi na nusu sumatriptan, dawa ya hospitali ya kipandauso, wakati kichwa kinaanza, baada ya masaa 2 nafuu ilikaribiana. Ni utafiti mmoja na hawakuwa na kundi la kidonge kitupu kisicho na dawa ndani ili kulinganisha, ila tangawizi iko jikoni kwako na inatuliza kichefuchefu, mimi nachemsha ya kusagwa mara tu nikisikia shingo inaanza kukaza. Sindano za Kichina, akupancha, zimepimwa sana, tafiti nyingi zilikusanywa pamoja 2016 zikaonyesha zinapunguza idadi ya siku za kuumwa, shida ni pesa na kumpata mtu anayezijua kweli na anayetumia sindano mpya kila mara. Magnesiamu inasaidia baadhi ya watu, huwa wanatumia miligramu 400 mpaka 600 kwa siku na ikizidi inaharisha, na mwenye shida ya figo asiiguse bila daktari. Vitamini B2 nayo ni miligramu 400 kila siku, na hapa niwe mkweli kama muuzaji, ile B komplex mnayonunua kwangu ina miligramu chache tu za B2, hamuwezi kufika huko kwa dozi ya kawaida, kwa hiyo msinunue kwa ajili ya kipandauso.

Na sio kila cha shambani ni salama. Kuna mmea wa Ulaya unaitwa butterbur, chama cha madaktari wa neva cha Marekani kiliupendekeza 2012 kwa kuzuia kipandauso, 2015 wakaondoa pendekezo kwa sababu ya kuharibu ini. Kama wao walijisahihisha na wewe ukubali kujisahihisha. Kwa hapa kwetu kuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala toka 2002, mganga anatakiwa awe amesajiliwa na baraza, mwombe cheti, sio dharau. Ukipewa unga usio na jina halafu ukapona ndani ya nusu saa kila aina ya maumivu, kichwa, mgongo, goti, uogope, maana sehemu nyingi duniani zimekamatwa dawa za miti zilizochanganywa kimyakimya na diklofenaki au dexamethasone, dawa kali za hospitali za maumivu na uvimbe.

Mimi mwenyewe sasa hivi natumia amitriptyline kidogo usiku, dawa ya zamani tu ya bei rahisi aliyoniandikia daktari ili kuzuia, na sijiruhusu dawa ya maumivu zaidi ya siku 2 kwa wiki. Chai ya asubuhi siiruki, kulala ni saa ileile hata kukiwa na harusi. Mwezi uliopita nina siku 5. Siku 5 sio sifuri na mbili kati ya hizo nilifunga duka nikalala gizani. Lakini kutoka 23!

Nimeleta madaftari 30, yako kwenye ule mfuko wa bluu, mgawane.

Ndio mama, wewe wa kitambaa cheupe, uliza. Binti yako ana miaka 22, anaona vimulimuli kwanza ndo kichwa kinaanza, na anatumia vidonge vya majira. Ah, asante kwa kuuliza hilo. Mama, hapo usisubiri miezi mitatu ya daftari. Vile vidonge vya mchanganyiko vyenye homoni ya estrojeni kwa mtu anayeona vimulimuli vinaongeza hatari ya kiharusi, na kama anavuta sigara ndo zaidi. Asiviache kienyeji akapata mimba asiyoipanga, kesho aende kliniki aseme neno kwa neno kama ulivyoniambia mimi, wambadilishie njia, zipo zisizo na estrojeni. Na nyie wote, kichwa kikija ghafla kama radi kikafika juu kabisa ndani ya dakika moja, au mkono na mdomo vimelegea, au kuna homa na shingo imekakamaa, au mtu kavuka miaka 50 na hajawahi kuumwa hivyo, huyo hapewi tangawizi wala haletwi dukani kwangu, huyo tafuteni bajaji muda huohuo aende hospitali.

Mama kitambaa cheupe nisubiri pale mlangoni, nitakuandikia jina la hivyo vidonge vyenye estrojeni kwenye karatasi uende nayo.