Pasipoti ya Mfanyakazi Si Rehani ya Mwajiri

Mhadhara uliotolewa jijini Tanga mbele ya wazazi, vijana wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, na baadhi ya waliokwisha kurejea

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliokwisha kuanza kuulizia safari, asalaam aleikum. Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, nalo ni hili: mtu akienda kufanya kazi nchi ya nje, na mwajiri wake akataka kukaa na pasipoti yake, je, mwajiri huyo ana haki hiyo? Jibu la sheria ni kwamba hana. Lakini nikilisema hilo na kurudi kuketi nitakuwa sijawasaidia, kwa sababu wengi wa waliokwenda Maskati, Dubai au Riyadh kufanya kazi za nyumbani hawakuporwa pasipoti kwa nguvu. Waliombwa kwa upole, wakiwa wamechoka na safari, wakaambiwa, "Lete nikuwekee, isije ikapotea." Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ushahidi wa wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Omani na Umoja wa Falme za Kiarabu, na karibu wote walieleza kwamba pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri au na mawakala. Kwa hiyo mimi sitazungumza leo juu ya jambo linalotokea kwa nadra. Nitazungumza juu ya jambo ambalo binti yako akipanda ndege ni lazima alitarajie.

Sisi watu wa pwani tunajua amana ni nini. Mtu anapokuachia kitu chake ukitunze, kitu hicho kinabaki kuwa chake, na siku akija kukitaka humuulizi anakitakia nini, wala humwambii amalize kwanza miaka miwili ndipo umpe. Qurani, katika Sura ya Nisaa, aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na sehemu kubwa ya waajiri tunaowazungumzia wanaisoma aya hiyohiyo tunayoisoma sisi. Basi mfanyakazi anacho kipimo chepesi cha kujua pasipoti yake imeshikwa kwa nia gani: aiombe. Akirudishiwa siku ileile, ilikuwa amana kweli. Akijibiwa, "Nimekugharimia fedha nyingi, nitakupa mkataba ukiisha," basi mwajiri amekiri kwa kinywa chake kwamba ameishika rehani, na hapo maneno yote ya kutunziwa yamekwisha.

Sasa tuitazame hiyo rehani. Rehani haisimami bila deni, na mfanyakazi wetu hadaiwi. Ni kweli kwamba mwajiri hutoa fedha, na pengine nyingi, lakini fedha hizo amemlipa wakala kwa huduma ya wakala. Binti wa Muheza au Pangani hakuzipokea mkononi wala hakuzikopa. Misingi ya uajiri wa haki iliyopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2016 inasema wazi kwamba ada na gharama za kumtafuta mfanyakazi zisibebwe na mfanyakazi mwenyewe, na Mkataba Namba 189 wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa nyumbani, unataka hatua zichukuliwe kuhakikisha ada za wakala hazikatwi katika mshahara wake. Tena kuna jambo la pili ambalo waajiri wengi hawalifikirii, nalo ni kwamba pasipoti ni mali ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania; aliyeandikwa jina ndani yake amekabidhiwa tu aitumie. Huwezi kuweka rehani kitu ambacho si mali yako, na anayekipokea kwa masharti hayo anazuia mali ya dola nyingine.

Nataka niwe mwadilifu kwa mwajiri pia, maana yupo anayeogopa kwa haki. Ametoa fedha, mfanyakazi akaondoka baada ya mwezi mmoja, na nyumbani ana mgonjwa au watoto wadogo. Hofu hiyo naielewa. Lakini dhamana yake iko kwa wakala. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, mfanyakazi wa nyumbani akiacha kazi bila sababu halali ndani ya miezi 6 ya majaribio, wakala anatakiwa kumrudishia mwajiri fedha zake. Sheria imempa njia ya kudai hasara yake, na njia hiyo haipiti katika sanduku la nguo la mfanyakazi.

Mkoa huu wa Tanga hauhitaji kufundishwa na mtu wa mbali namna karatasi inavyoweza kutumiwa kumfunga mtu kazini. Huko milimani Usambara, wilaya ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal na ambayo sisi tunaijua kuwa ni Lushoto, utawala wao mwaka 1907 ulianzisha kadi za kazi ambazo zilimlazimu mwanamume kufanya siku 30 za kazi kwa mlowezi katika kila miezi minne, na asiyekuwa na kadi iliyojazwa alikuwa mashakani. Mashamba ya mkonge yaliyotuzunguka nayo yaliendeshwa kwa vipande, yaani kadi za kuhesabia siku za kazi, kwa miaka mingi baadaye. Babu zetu walilipwa ujira, na kwa hiyo hawakuitwa watumwa, lakini waliijua hali ya mtu ambaye uhuru wake wa kuondoka unategemea karatasi na neno la bwana shamba.

Ndiyo maana sheria ya kimataifa hailichukulii jambo hili kuwa ni ugomvi mdogo wa nyumbani. Mkataba Namba 29 wa mwaka 1930 ulikataza kazi ya shuruti, na nchi yetu pamoja na nchi za Ghuba tunazozitaja hapa zimeuridhia. Shirika la Kazi Duniani, likieleza dalili za kazi ya shuruti, limeorodhesha kushikiliwa kwa hati za utambulisho kuwa mojawapo ya dalili 11, sambamba na kuzuiwa mshahara na kufungiwa ndani. Kifungu cha 9 cha ule Mkataba Namba 189 kinasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria na za utambulisho. Na sheria za nchi zenyewe? Saudi Arabia, Baraza lake la Mawaziri lilikataza waajiri kushika pasipoti tangu mwaka 2000. Omani, wizara iliyosimamia kazi ilitoa waraka wa kukataza mwaka 2006, ingawa haukutaja adhabu. Kuwait ilikataza katika sheria yake ya wafanyakazi wa nyumbani ya mwaka 2015. Umoja wa Falme za Kiarabu uliwapa wafanyakazi wa nyumbani haki ya kukaa na hati zao katika sheria ya mwaka 2017, na sheria iliyochukua nafasi yake mwaka 2022 imeibakiza haki hiyo. Qatar, kwa sheria ya mwaka 2015, imeweka faini inayoweza kufika riyali 25,000 kwa mwajiri asiyerudisha pasipoti baada ya taratibu za ukaazi kukamilika. Kwa hiyo akitokea mtu akamwambia binti yenu kwamba "huku ndiyo sheria yetu," ajue kwamba hiyo ni desturi ya nyumba ile, na sheria ya nchi ile inasema kinyume.

Hata hivyo, sheria hizi zina mlango mmoja wa nyuma, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Mlango huo ni ridhaa. Kuwait, mwajiri anaweza kukaa na hati ikiwa mfanyakazi amekubali. Qatar, anaweza ikiwa mfanyakazi mwenyewe ameomba kwa maandishi atunziwe, na akiitaka tena ni lazima apewe. Kwa maneno ya kitabuni, utaratibu huo hauna ubaya, kwa kuwa kuna mtu anayelala chumba kimoja na wenzake wanne na ambaye kweli angependa hati yake ikae mahali penye kufuli. Lakini tujiulize ridhaa hiyo inatolewa katika hali gani. Mtu amefika usiku, hajui anuani ya nyumba aliyomo, hajalipwa hata senti moja, simu yake haina laini ya nchi ile, anawekewa mbele karatasi tatu au nne za Kiarabu asichokisoma, na anaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Miongoni mwa karatasi hizo moja ni ya kukubali pasipoti itunzwe. Mimi ni mwanasheria, na kwa dhamiri yangu siwezi kuiita hiyo ridhaa. Ridhaa ni ya mtu anayeweza kukataa na jambo lolote baya lisimpate. Bado, karatasi hiyo ikifika mbele ya afisa wa kazi itasomwa kama ilivyoandikwa, na kwa sababu hiyo ulinzi wa kweli hauwezi kuanzia kule. Ni lazima uanzie hapa Tanga, kabla mtu hajapanda basi la kwenda Dar es Salaam.

Uanzie kwanza kwa wakala, kwa kuwa mara nyingi pasipoti hutoka mikononi mwa mwenyewe ikiwa bado nchini. Wakala anaichukua kwa ajili ya viza, jambo ambalo ni halali, kisha harudishi mpaka uwanja wa ndege, na huko anamkabidhi mtu mwingine. Wakala halali amesajiliwa, na usajili wake unaweza kuulizwa kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, yaani TaESA, au kwa ofisi ya kazi ya mkoa. Akikushauri uvuke Horohoro ukapandie ndege Nairobi ili usiulizwe maswali, huyo anakuondoa makusudi mbele ya macho ya maafisa ambao wangeuona mkataba wako, na asiyetaka mkataba wako uonekane ana sababu. Wazazi, nawasihi: msitoe idhini ya safari ya namna hiyo kwa sababu tu imeharakishwa.

Pili, mkataba uwe umeandikwa kwa Kiswahili au lugha nyingine anayoielewa msafiri, na asafiri akiwa na nakala yake. Ndani yake muombe iwekwe sentensi moja fupi: kwamba mfanyakazi atakaa na pasipoti yake, na mwajiri akiihitaji kwa ajili ya ukaazi ataichukua kwa muda unaotajwa kisha atairudisha. Naitaja haja hiyo ya ukaazi kwa kuwa ni ya kweli. Wiki za mwanzo mwajiri anaweza kuihitaji kwa ajili ya vipimo vya afya na kibali cha kukaa, na mfanyakazi asigombane naye kwa hilo. Kibali kikishatoka, mfanyakazi hupewa kitambulisho cha ukaazi, ambacho Saudi Arabia hukiita iqama, naye akae nacho mwenyewe. Mwajiri anayeshika pasipoti na kitambulisho vyote viwili amemwacha mtu huyo bila jina mbele ya polisi wa mtaani.

Tatu, kurasa za pasipoti zenye picha na viza zipigwe picha, na picha hizo zibaki katika simu ya mama, ya kaka na ya mtu mwingine mmoja anayeaminika, pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, jina kamili la mwajiri na namba yake ya simu. Familia nyingi huanza kuyatafuta haya baada ya simu ya binti kuzimwa, na wakati huo ubalozi unapouliza jina la mwajiri hakuna anayelijua ila kwa lakabu.

Nimeulizwa kabla ya kusimama hapa: na aliyekwisha kunyimwa afanye nini? Aiombe kwa utulivu, na ikiwezekana aiombe kwa ujumbe wa simu, ili ombi na jibu vibaki vimeandikwa. Asiingie chumba cha mwajiri kuitafuta, kwa kuwa anaweza kusingiziwa wizi. Asitoroke kiholela pia, kwa sababu mwajiri anaweza kutoa taarifa kwamba mfanyakazi amekimbia, na taarifa hiyo humgeuza mlalamikaji kuwa mtuhumiwa wa kukaa nchini bila kibali. Isipokuwa kama maisha yake yako hatarini, kupigwa, kunajisiwa au kunyimwa chakula. Hapo atoke, aende polisi au ubalozini, hata kama hana karatasi yoyote. Tanzania ina balozi Maskati, Riyadh, Abu Dhabi, Doha na Kuwait, na ubalozi mdogo Dubai, na balozi hizo zinaweza kumpa Mtanzania hati ya dharura ya safari ya kumrudisha nyumbani. Pasipoti iliyofungiwa kabatini haimfanyi mtu apoteze uraia wake.

Lakini nisiwape tumaini lisilo kamili. Hati ya dharura inathibitisha wewe ni nani. Ruhusa ya kutoka hutolewa na nchi uliyomo. Qatar, tangu mwaka 2020, mfanyakazi wa nyumbani anaweza kuondoka bila kibali cha mwajiri, ila anatakiwa amjulishe saa 72 kabla. Saudi Arabia, marekebisho ya Machi 2021 yaliyowawezesha wafanyakazi wa kampuni kuomba kutoka bila idhini ya mwajiri hayakuwahusu wafanyakazi wa nyumbani, na kwa hiyo ubalozi hulazimika kujadiliana na mwajiri au mamlaka, jambo ambalo huchukua muda. Familia iliyo hapa iandike barua kwa wizara inayoshughulikia mambo ya nje na nakala kwa ofisi ya kazi ya mkoa, ikiambatisha zile picha na ule mkataba, na isisubiri mpaka mkataba uishe.

Mwisho wa wakati wangu umefika, na neno nililobakiza linatuhusu sisi tuliobaki. Wapo miongoni mwetu, hapa Chumbageni, Makorora na Raskazone, walioajiri mabinti kutoka Korogwe, Handeni na Lushoto, na ambao wameweka kabatini kitambulisho cha taifa cha binti huyo au cheti chake cha shule ili asiondoke ghafla. Sababu wanazozitoa ni zilezile za Maskati. Nawaomba wakirudi nyumbani jioni hii wampe mwenyewe hati yake. Walio na mikataba mikononi waje nayo mezani hapa tuisome pamoja, tukianza na wale ambao safari zao ziko karibu.