Deni la Jenerali: Lettow-Vorbeck na Vita vya Tanga

MPWA: Shikamoo, mjomba, na karibuni wasikilizaji wetu popote mlipo. Tunazungumza nanyi kutoka Tanga, na leo tumekusudia kumweleza Paul von Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani ambaye sifa yake ilianzia katika mji wetu huu mnamo Novemba 1914.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Naomba tumtangulize alikotoka kabla hatujamfikisha Tanga, kwa sababu wanaomsifu hupenda kuiruka sehemu hiyo. Alizaliwa mwaka 1870 huko Saarlouis, na mwaka 1900 alikuwa miongoni mwa wanajeshi waliopelekwa China. Mwaka 1904 alikuwa afisa chini ya Jenerali Lothar von Trotha katika nchi ambayo leo inaitwa Namibia, wakati Waherero walipofukuziwa jangwani na kuzuiwa wasirudi kwenye visima vya maji, mauaji ambayo serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri mwaka 2021 kuwa yalikuwa ya kimbari. Huko Namibia ndiko alikoumia jicho mwaka 1906. Kwa hiyo alipotua Dar es Salaam Januari 1914, akiwa luteni kanali, alikwisha kujifunza vita vya porini, na alikwisha kuona jinsi dola yake ilivyoithamini roho ya Mwafrika.

MPWA: Na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, gavana Heinrich Schnee, aliyeitawala nchi yetu ilipokuwa koloni la Wajerumani, hakutaka koloni liingie vitani.

MJOMBA: Hakutaka kabisa, hasa katika miji ya pwani. Lettow-Vorbeck alimpuuza. Nia yake ilikuwa kuwafunga Waingereza huku Afrika ili majeshi yao yasipelekwe Ulaya. Ni hesabu ya kijeshi yenye mantiki, lakini nchi iliyochezewa hesabu hiyo ilikuwa yetu, na hakuna mwenyeji aliyeulizwa.

MPWA: Tueleze basi zilivyokuwa siku zile za Tanga.

MJOMBA: Tarehe 2 Novemba, meli ya kivita ya Waingereza, Fox, iliingia na kutaka mji usalimu amri. Nyuma yake kulikuwa na wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka Uhindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Badala ya kushambulia papo hapo, walianza kushuka usiku huko Ras Kasone, na muda walioupoteza ndio uliomwokoa Lettow-Vorbeck. Askari wake waliletwa kwa treni kutoka Moshi, kilomita takribani 350, kikosi baada ya kikosi, hata watetezi wa mji wakafikia kama 1,000. Yeye mwenyewe alifika usiku wa kuamkia tarehe 4, akapanda baiskeli akazunguka mitaa iliyokuwa kimya kuangalia adui alipo. Sisi wa Tanga, ambao baiskeli ni miguu yetu ya pili, tunaweza kuiona safari hiyo vizuri.

MPWA: Hapo ndipo wanapoingia nyuki.

MJOMBA: Nyuki waliingia kweli, kwani risasi zilipasua mizinga iliyotundikwa mitini, nao wakawauma watu wa pande zote mbili. Baadhi ya Waingereza walidai baadaye kwamba Wajerumani waliwategeshea. Mimi huudhika kidogo vita hivi vinapoitwa vita vya nyuki, kwa sababu jina hilo linawafunika askari waliosimama pale, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo, ambao ndio walioshika mitaa na kisha kuwarudisha adui nyuma hadi pwani. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800 kwa kuhesabu waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Upande wa pili alikufa pia Tom von Prince, yule aliyeitwa Sakarani, aliyemwandama Mkwawa miaka ya nyuma. Tarehe 5 Waingereza waliondoka, wakaacha bunduki mamia, bombomu 16, yaani bunduki za rashasha, na risasi laki 6.

MPWA: Silaha hizo ndizo zilizomwezesha kuendelea.

MJOMBA: Aliendelea kwa miaka minne. Tanga yenyewe ilitekwa mwaka 1916, naye akarudi kusini. Alipigana Mahiwa Oktoba 1917 katika vita vilivyoua watu wengi mno, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, kisha akapanda tena hadi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ambako alisalimu amri huko Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya Ulaya kunyamazisha bunduki. Kwao alipokewa mwaka 1919 kama jenerali asiyeshindwa.

MPWA: Mjomba, nikilisikia neno hilo huwa najiuliza jeshi hilo lilikula nini.

MJOMBA: Lilikula vyakula vya wanakijiji, mwanangu. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka na mifugo, na yalichukua wanaume kubeba mizigo. Ugogo ilipatwa na njaa ya Mtunya, na wapagazi walikufa kwa maelfu kwa kuhara, kwa uchovu na kwa kukosa posho. Jina Kariakoo la Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Huwezi kuueleza umahiri wa jenerali katika kurudi nyuma bila kutaja aliyekuwa amejitwika risasi zake kichwani.

MPWA: Baada ya hapo aliishi muda mrefu.

MJOMBA: Aliacha jeshi mwaka 1920, akawa mbunge kwa muda, akaitembelea Dar es Salaam mwaka 1953, akafa Machi 1964 huko Hamburg. Mwaka huohuo bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza walijitokeza wazee, wengi wao bila cheti chochote, na mlipaji akampa kila mmoja fagio ashike kama bunduki, kisha akatoa amri kwa Kijerumani. Kila aliyekuwa askari kweli aliifuata.

MPWA: Na wapagazi?

MJOMBA: Uamuzi ule ulihusu askari.

MPWA: Basi msikilizaji, kama babu yako alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi lolote kati ya hayo mawili, na nyumbani kwenu bado wanaisimulia safari yake, tuandikie. Katika kipindi kijacho tutayasoma majina yao.