Stesheni Inayokuachia Simfoni Mpaka Mwisho

ZUHURA: Karibuni tena barazani, wapendwa. Tuko Ngamiani, hapa hapa Tanga. Mimi ni Zuhura, na mbele yangu yupo mdogo wangu Salimu.

SALIMU: Shikamoo, da Zuhura.

ZUHURA: Marahaba. Haya, kipindi kilichopita tuligusia muziki wa klasiki wa Ulaya, na swali lililorudi kwetu ni moja: tuusikilizie wapi, maana kwenye redio zetu hausikiki?

SALIMU: Kupata stesheni si kazi. Fungua Radio Garden, ile programu iliyoanzia Uholanzi mwaka 2016, unazungusha dunia kwa kidole, kila kitone ni mji na redio zake. Gusa Paris, gusa New York, gusa Munich. Kazi ni kujua ubaki wapi.

ZUHURA: Wewe ulianzia wapi?

SALIMU: Kwenye stesheni moja ya biashara, jina nitalihifadhi. Wakapiga Simfoni ya Tano ya Beethoven, yule mtunzi wa Kijerumani, sehemu ya kwanza. Simfoni ni kazi ndefu ya okestra, yenye sehemu kadhaa. Dakika saba nimetulia tuli. Nangoja sehemu ya pili, likaingia tangazo la bima ya gari, kisha muziki wa filamu. Sikujua kwamba simfoni ile ina sehemu nne. Miezi mingi nilikuwa nayo kichwani robo, nikidhani ninayo nzima.

ZUHURA: Hilo ndilo ninalotaka tulikalie leo. Sisi tuliokulia kwenye taarabu jambo hili tunalifahamu. Bashrafu inapigwa mwanzo, vyombo vitupu, hajaimba mtu, hajainuka mtu kwenda kutunza. Watu wanatulizwa roho kwanza. Sasa ukiikata bashrafu katikati, au ukaimaliza halafu usilete nyimbo, umewaalika watu karamu ukawapa maji ya kunawa tu.

SALIMU: Na kwenye ile ya Tano ukikata unaharibu hasa, kwa sababu sehemu ya tatu na ya nne hazina kituo kati yake. Muziki unashuka, unashuka, inabaki ngoma inagonga kwa mbali na fidla zinanong'ona. Halafu okestra nzima inalipuka, na matromboni, zile tarumbeta za kuvuta, ndiyo kwanza yanaingia, tangu mwanzo yalikuwa yamenyamaza. Mara ya kwanza kuisikia nzima, pale kwenye mnong'ono nilidhani mtandao umekatika. Nikazima.

ZUHURA: Masikini! Sekunde chache kabla ya mlipuko.

SALIMU: Nililala bila kujua nimekosa nini. Kwa hiyo wasikilizaji, kwenye klasiki kimya si hitilafu. Subirini. Na tumieni hedifoni, spika ya simu haiwezi kuushika ule unong'ono.

ZUHURA: Basi tuwape majina. Mimi stesheni yangu ya nyumbani ni France Musique.

SALIMU: Na Kifaransa hujui.

ZUHURA: Sikijui, na haijanizuia. Bach, mtunzi mwingine wa Kijerumani, ni Bach kwa lugha yoyote. Mtangazaji anataja mtunzi, anataja wapigaji, muziki ukiisha anarudia. Ukisikiliza miezi miwili masikio yanazoea, unajua sasa anataja kiongozi wa okestra, sasa anataja ukumbi. Ni redio ya umma, na pembeni wana mikondo mingine ya mtandaoni peke yake, upo wa muziki wa Baroque, yaani wa zama za Bach, upo wa matamasha yaliyorekodiwa kumbini. Huo wa matamasha ndio nisiouacha. Tamasha halikatwi. Unawasikia watu wakikohoa kati ya sehemu na sehemu, ndipo unapojua kazi bado inaendelea.

SALIMU: Mimi nataka kuelewa kinachosemwa, kwa hiyo naenda Marekani. WQXR ya New York ipo hewani tangu 1936 na inategemea michango ya wasikilizaji wake. Ipo WCPE pia, ya North Carolina, klasiki saa 24, nayo inaishi kwa michango. Mtu anayelipwa na msikilizaji hana haraka ya kuwahi tangazo.

ZUHURA: Na asiyetaka maneno mengi?

SALIMU: Radio Swiss Classic. Maneno ni machache mno, hakuna biashara, jina la kipande unalisoma kwenye kioo. Nzuri ukiwa kazini. Ila kama unaanza, mimi nisingekushauri uanzie hapo. Unahitaji mtu wa kukushika mkono.

ZUHURA: Hapo nakubaliana nawe kabisa. Haya, bando.

SALIMU: Bando hesabu yake ni nyepesi. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula kama MB 58 kwa saa. Wa kilobiti 320 unakula MB 144. Simfoni ya Tisa ya Beethoven, ambayo inapita saa moja kidogo, kwa 128 haifiki MB 80. Na kama mkondo ni wa AAC, njia ya kubana sauti iliyokuja baada ya MP3, hata kilobiti 64 zinasikika vizuri kuliko MP3 ya kiwango hicho hicho, unatumia MB 29 tu. Jambo moja zaidi: usiache tovuti ya stesheni wazi, picha zake zinakula bando bure. Chukua anwani ya mkondo wenyewe, iweke kwenye VLC, programu ya kuchezea muziki, basi.

ZUHURA: Na saa. Wengi wanafungua saa mbili usiku, wakitarajia tamasha la New York. Kule bado mchana.

SALIMU: Lakini Jumamosi mchana wa kule una neema yake! Jumba la Metropolitan la New York linarusha opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, kwa redio Jumamosi mchana tangu 1931. Opera nzima, na mapumziko yake. Majira yao ya baridi, ile ya saa saba mchana ya New York kwetu ni saa tatu usiku. Wakisogeza saa zao mwezi Machi, inakuwa saa mbili. Umeshaswali isha, umekula, watoto wamelala.

ZUHURA: Tarehe mosi Januari nayo msiisahau, tamasha la okestra ya Wiener Philharmoniker kutoka Vienna, Austria. Linaanza saa saba na robo mchana kwa saa zetu, redio nyingi za Ulaya zinalichukua.

SALIMU: Dada, hujawaambia kwa nini unaupenda muziki huu.

ZUHURA: Marehemu baba alipiga fidla kwenye kikundi cha taarabu. Kwetu fidla zote zinafuata njia moja, kila mpigaji anaipamba kwa mkono wake. Siku niliyosikia fidla za Bach nilichanganyikiwa, huyu anakwenda huku, yule kule, nikitafuta wimbo uko kwa nani. Kumbe uko kwa wote. Nilirudia kile kipande usiku mzima, nikaanza kufuata chelo peke yake, ile fidla kubwa yenye sauti ya chini kabisa. Natamani angekuwepo. Angenionyesha kwa mkono upinde unavyokwenda.

SALIMU: Mungu amrehemu.

ZUHURA: Amina. Jumamosi hii tusikilize pamoja, wewe kwako, mimi kwangu.

SALIMU: Saa tatu kasoro dakika kumi nitakupigia, uwe umeshachaji simu.

ZUHURA: Na ile anwani ya mkondo nitumie leo leo, ya kwangu inakatika katika.