Ini la Jemadari: Mhadhara kuhusu Msongo wa Mawazo katika Tiba ya Kichina

Wazee wangu, ndugu zangu, nawashukuru kwa kuitikia wito. Waandaaji wamenipa mada inayosema "Msongo wa mawazo na uwiano wa nishati ya ini katika tiba ya Kichina", nami nimeipokea, ila walionisikia mwaka jana na mwaka juzi wanajua kwamba siwezi kuanza kabla sijagombana na maneno mawili ya mada hiyo, yaani "ini" na "nishati". Nitagombana nayo tena leo, na nitaendelea mpaka nitakapoacha kukutana na watu waliodhurika kwa sababu yake. Niliomba pia katika tangazo kwamba mwenye dawa yoyote ya "kusafisha ini" au "kutuliza ini" aje na kopo lake. Naona mifuko kadhaa magotini, tutafika huko.

Binamu yangu ana homa ya ini aina ya B. Kwa miaka mitatu alimeza tenofovir, dawa ya hospitali ya kuzuia virusi vyake, kila siku, na vipimo vyake vilikuwa vimetulia. Kisha akagombana na ndugu zake kuhusu shamba la urithi, ugomvi ule wa kimya ambao watu wanasalimiana na hawasemezani, akawa halali, kifua kinambana, chakula hakimpiti, na kila baada ya dakika chache anashusha pumzi ndefu bila kujijua. Akaenda kwa muuza dawa za Kichina mmoja, akashikwa mkono, akatazamwa ulimi, akaambiwa: "Ini lako limeziba." Sentensi hiyo, kwa mtu aliyesoma Kichina, haikuwa mbali na ukweli. Kwa Kiswahili, masikioni mwa mtu ambaye ini lake la mwilini linaugua kweli, ilikuwa hatari tupu. Alielewa kwamba vidonge vya hospitali vimeshindwa, akaviacha, akanunua vya kusafisha ini. Miezi minne baadaye macho yake yalikuwa ya manjano kama bizari, kwa kuwa virusi vilivyokuwa vimezuiwa vilifumka upya, jambo ambalo madaktari hulionya kila wanapoiandika dawa hiyo. Yuko hai, nashukuru. Lakini makovu liliyoyapata ini lake katika miezi ile hayatafutwa na mtu yeyote kwa chupa yoyote.

Kwa hiyo naomba tuelewane juu ya neno. Wachina husema *gan*. Katika sura ya 8 ya Suwen, sehemu ya kwanza ya kitabu cha kale cha tiba kiitwacho Huangdi Neijing, viungo vya mwili vimepangwa kama maofisa wa dola moja: moyo ni mfalme, mapafu ni waziri wake, nyongo ni mwamuzi asiyependelea upande, na *gan* ni jemadari, ambaye kwake hutoka mipango. Kazi ya jemadari huyo ni kuona kwamba kila kitu kinapita bila kukwama: pumzi, damu, chakula, hedhi ya mwanamke, na hisia za mtu. Kazi hiyo wanaiita *shuxie*, kulegeza na kuachia. Pia jemadari huhifadhi damu kama ghala la jeshi, na dirisha lake ni macho. Anayesema *gan* imekwama anazungumzia kupita na kutopita kwa mambo hayo yote. Hajaona kipimo cha ini lako, hajui una virusi au huna, na vidole vitatu alivyoweka kwenye kifundo cha mkono wako haviwezi kumwambia.

Najua mtauliza: kama si ini, mbona waliliita ini? Je, hawakulijua ini la mwili? Walilijua. Kitabu kingine cha kale, cha maswali magumu 81, kinahesabu hata sehemu za ini la nyama: tatu kushoto, nne kulia, jumla saba. Waliliona, kisha wakalipa cheo, na kwa karne nyingi mazungumzo ya waganga yakawa juu ya cheo zaidi kuliko juu ya nyama.

Na sisi Waswahili tulipaswa kuwa watu wa kwanza kulielewa jambo hili, ndiyo maana linaniuma zaidi. Mama akisema moyo wake ni mzito, hakuna anayemkimbiza kwenye mizani. Mtu akisema maneno yale yamemkata maini, hatutafuti kisu. Tunasema fulani ana donge, na tunajua kwamba ni kinyongo alichokimeza kikakaa. Tunasema hasira zimempanda, na sura ya 39 ya Suwen inasema hivyo hivyo, kwamba mtu akikasirika *qi*, neno ambalo kwetu limetafsiriwa "nishati", hupanda. Tunasema nyongo mkalia ini, na mganga wa Kichina angetikisa kichwa kwa kukubali, maana kwake nyongo na ini ni jozi isiyotenganishwa. Lugha yetu ilikuwa na njia nyeupe ya kumfikia *gan*, ila tafsiri zetu tulizipokea kupitia Kiingereza, tukaletewa "nishati ya ini" kama vile ni umeme unaosomwa kwenye mita.

Neno *qi* lenyewe, katika maandishi ya zamani ya Kichina, huandikwa kwa alama ya mvuke juu ya alama ya mchele. Fikirini sufuria ya wali iliyofunikwa. Mvuke ukipata upenyo, wali unaiva punje moja moja. Mkikandamiza kifuniko kwa jiwe na moto uko vile vile, mvuke utafanya moja kati ya mambo matatu: utarusha kifuniko, au utarudi chini wali ugeuke bokoboko, au utageuka maji mazito yaliyotuama. Waganga wa Kichina huyaona yote matatu kwa mtu aliyezuiliwa. Wa kwanza anaumwa kichwa, macho mekundu, anagombeza watoto. Wa pili tumbo linamvuruga, anaharisha kila anapokasirika, kwa sababu *gan* imemwonea wengu, ambaye kwa waganga hao ndiye msimamizi wa chakula tumboni. Wa tatu anahisi kitu kooni kisichomezeka wala kutemeka. Huyo wa tatu alielezwa na mganga Zhang Zhongjing mwishoni mwa enzi ya Han, takribani miaka 1,800 iliyopita: mwanamke anayehisi kama kipande cha nyama iliyochomwa kimemkaa kooni.

Nilimwona mwanamke huyo. Nilikuwa mwanafunzi wa tiba Chengdu, China, nikikaa pembeni ya mwalimu wangu katika chumba cha wagonjwa wa nje, wagonjwa wamejaa mlangoni wakisikiliza siri za wenzao kama kawaida ya huko. Aliingia mama wa umri wa miaka arobaini na kitu, fundi wa kushona, akaweka mezani picha za koo alizopigwa hospitali mbili. Koo lilikuwa safi. Alikaa, akashusha pumzi. Mwalimu aliweka vidole vyake kwenye mkono wa kushoto, kisha akaniambia niweke vyangu. Chini ya kidole cha kati, mahali pa *gan*, mapigo yalikuwa yamekazwa, marefu, kama uzi wa gambusi uliovutwa kupita kiasi. Mama akashusha pumzi tena. Mwalimu hakumuuliza juu ya koo. Alimuuliza: "Nyumbani kwako nani huamua chakula cha jioni?" Yule mama alinyamaza, kisha akazungumza karibu robo saa: mama mkwe, chumba kimoja, binti anayejiandaa kwa mtihani wa chuo kikuu ambaye hairuhusiwi sauti kupanda mbele yake, mume anayesema vumilia. Kidole changu kilikuwa bado mkononi mwake. Sitadai kwamba uzi ulilegea, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilitaka sana ulegee.

Mwalimu aliandika Xiaoyao San, dawa iliyomo katika kitabu cha bohari ya dawa ya serikali ya enzi ya Song, na jina lake maana yake ni kutembea huru bila kizuizi. Ina vitu vinane. *Chaihu* humfungulia jemadari njia; *danggui* na *baishao* hujaza ghala lake la damu, kwa sababu jemadari mwenye njaa huwa mkali; *baizhu*, *fuling* na mzizi mtamu wa *gancao* humlinda wengu asionewe; kisha tangawizi iliyochomwa kidogo, na nanaa. Alimkazia yule mama kwamba nanaa itiwe mwishoni kabisa, dakika chache kabla ya kuepua, maana ikichemka sana harufu huondoka na kazi yake huondoka nayo. Halafu akaandika chini ya karatasi, kwa mwandiko uleule wa dawa: kila jioni baada ya kazi, tembea kando ya mto nusu saa kabla ya kuingia nyumbani. Mimi nilidhani ni nasaha ya pembeni. Mwalimu alinikaripia, akasema hiyo ni sehemu ya dawa na nikiifuta nimebadilisha dawa.

Wachina wa kale hawakuwa na neno la msongo kama tunavyolitumia leo. Walikuwa na *yu*, neno ambalo asili yake ni mimea iliyosongamana hata hewa haipiti, na oneni kwamba "msongo" wetu nao unatokana na kusonga. Mganga Zhu Danxi, aliyeishi kati ya 1281 na 1358, alifundisha kwamba damu na *qi* zikipatana magonjwa hayazuki, na kwamba yanapoanza kusongamana ndipo mengi huzaliwa; akahesabu misongo sita, ya *qi*, damu, kohozi, moto, unyevu na chakula. Katika dawa yake maarufu aliweka *xiangfu*. Mnajua *xiangfu* ni nini? Ni ndago, ile ile ndago inayowatoa jasho wakulima wetu kila msimu wa palizi. Tafadhali msiende kuchimba kesho asubuhi. Huko hupikwa na kuchanganywa na mtu anayejua anachokitafuta.

Kuna wanaoniuliza kama sayansi imethibitisha. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, Kanada, aliandika jinsi miili ya panya inavyoitikia kwa namna moja madhara ya aina nyingi, na kutoka hapo ndipo somo la msongo lilipokua. Leo inajulikana kwamba homoni ya kotisoli huliagiza ini, safari hii ini la nyama, kumwaga sukari katika damu. Kila nikilitaja hili, kuna anayepiga makofi akidhani Wachina walijua. Hapana. Mambo mawili yanafanana kwa jina tu, na anayeyaunganisha anarudi kule kule alikopotelea binamu yangu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyopitishwa mwaka 2019, limeweka sura ya tiba za jadi zenye asili ya China, ambamo kukwama kwa *qi* ya ini kumo. Limefanya hivyo ili hali hizo zihesabike, na limesema wazi kwamba kuorodhesha si kuthibitisha kuwa tiba inafanya kazi. Wauzaji husoma nusu ya kwanza tu.

Muda umenikimbia. Nilitaka kueleza nukta ya kuchoma sindano iitwayo Taichong, iliyo juu ya mguu, kwenye bonde kati ya mifupa ya kidole gumba na kidole cha pili, na jinsi inavyooanishwa na Hegu ya mkononi. Nilitaka kusema juu ya majira ya kuchipua na ladha ya uchachu, ambavyo Wachina huvihusisha na *gan*. Nayaacha, kwa sababu lipo moja nisiloweza kuliacha.

Kuna kidonge kiitwacho Longdan Xiegan, cha kushusha moto wa *gan*. Kwa miaka mingi nchini China kilitengenezwa kwa kutumia *guan mutong*, mmea wenye asidi ya aristoloki, na watu waliokimeza kwa sababu ya hasira na maumivu ya kichwa waliishia kuharibikiwa na figo. Serikali ya China iliuondoa mmea huo katika dawa zake mwaka 2003. Walitibiwa jemadari, wakapoteza figo za nyama. Na *heshouwu*, inayouzwa kwa ajili ya nywele na nguvu za *gan*, imewahi kudhuru maini ya watu wasiokuwa na ugonjwa wowote kabla.

Kwa hiyo waliokuja na makopo wayalete hapa mezani, tusome viungo kimoja kimoja. Walio na kadi ya kliniki ya homa ya ini waje nazo pia, na waanze wao. Kopo lisiloandikwa viungo tutaliweka upande huu wa kushoto, na mwenyewe asiondoke nalo kabla hatujazungumza.